Radi ya Njia Panda

Adelaide, 3 Machi 1992

Feliksas mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku tungali hai, ingawa joto la mwaka huu limetuchoma kama mikate. Mwanangu Leonas amepata mtoto wa tatu, msichana. Wamempa jina ambalo ulimi wangu haulitaki, basi mimi namwita Barbora, kama marehemu mama, na kwa kuwa hajaanza kusema, hajapinga. Magoti yangu ni yale yale. Daktari amenikataza kupanda ndege, na mimi nimemkataza kunizungumzia juu ya sukari, kwa hiyo tunaelewana. Mkeo Stefanija anaendeleaje na mguu? Nimewatumia kahawa. Nijulishe kama imefika au kama kuna mtu wa posta anayeinywa kwa niaba yenu.

Sasa nisikilize. Katika gazeti letu la huku wameandika kwamba parokia yetu imefungua makumbusho madogo ya sanamu za watakatifu, mle ndani ya ghala la paroko, pale tulipokuwa tukipeleka zaka ya shayiri. Kuna picha. Imechapwa vibaya, ina weusi kama masizi, lakini katikati yuko Kristo aliyeketi akiwaza, kichwa kimeinamia upande wa kulia, na mkono wa kulia hana.

Feliksas, yule ni wa Baba. Najua utasema kila njia panda ya Lituania ina Kristo wa namna hiyo. Lakini mwaka ule mama alipofariki, mimi nina miaka kumi na saba, Baba alinikalisha kwenye kigoda cha kukamulia, shavu kiganjani, siku nne mfululizo, akinichungulia huku akichonga. "Tulia, Domicelė," alikuwa akiniambia, "Kristo hajikuni." Magoti yamekaribiana, kidole gumba cha mguu kimepanda juu ya mwenzake. Huko ni kukaa kwangu mimi. Hakuna mwingine anayekaa hivyo, hata leo binti yangu hunicheka.

Ila wewe uliniandikia mwaka 1962 kwamba radi ilipiga njia panda ikachoma nguzo, kijumba chake na sanamu, vyote. Basi huyu katokea wapi?

Nenda ukamtazame, uniandikie. Barua hazifunguliwi tena njiani. Tunaweza kusema mambo.

Dada yako,
Domicelė


Gervainiai, 10 Mei 1992

Mpendwa Dada,

Milele amina. Kahawa imefika, nzima, na Stefanija ameificha mahali ambapo hata mimi sipajui. Mguu wake umepata nafuu tangu theluji iyeyuke. Hongera kwa mjukuu. Barbora ni jina zuri, endelea nalo.

Huku mambo ni mengi. Shamba la ushirika linavunjwa. Wiki iliyopita tuligawana ng'ombe kwa kura, ndani ya ukumbi, watu wazima wakisukumana kama watoto. Mimi nimepata mmoja mwekundu ambaye hataki kukamuliwa upande wa kushoto. Jirani yangu Liudvikas amepata wawili, mmoja ana mimba, na anatembea kijijini kama askofu. Viazi tumepanda, vya mapema na vya kuchelewa. Mvua haba. Korongo wamerudi kwenye kiota chao juu ya zizi, ila dume amechelewa siku tisa na jike alikuwa amekasirika, unaweza kuona kwa jinsi alivyosimama. Yule ng'ombe mwekundu, kama nilivyosema, ana matatizo, nadhani aliwahi kupigwa teke.

Kuhusu makumbusho, sijapata nafasi. Hufunguliwa siku chache, na barabara imechimbika. Isitoshe Kristo wa kuwaza wote ni sawasawa, Dada. Picha ya gazeti si kitu cha kutegemea.

Ndugu yako,
Feliksas


Adelaide, 21 Juni 1992

Feliksas,

Salamu kwako, kwa Stefanija, na kwa ng'ombe mwekundu, maana naona sasa ndiye mkuu wa nyumba.

Ulipokuwa na miaka saba ulivunja mtungi wa maziwa ya mgando, na Baba alipouliza, ulimsimulia habari za kunguru mpaka uji ukapoa. Hujabadilika. Unapokuwa na jambo hutaki kulisema, unazungumza wanyama. Nimehesabu: ng'ombe mistari saba, korongo mistari mitatu, Kristo wa baba yetu mistari miwili.

Kutoka kwako hadi kanisani ni kilomita nne. Mimi nilizitembea kila Jumapili, viatu mkononi ili visiishe soli. Nenda.

Huku ni baridi, si baridi yenu, lakini nyumba hizi hazina meko ya maana na mifupa yangu inalijua hilo. Leonas anakusalimu.

D.


Gervainiai, 16 Agosti 1992

Mpendwa Dada,

Jana ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na baada ya misa Stefanija alinishika mkono wa koti akasema, "Leo tunaingia." Hakuniuliza. Tukaingia.

Ghala ni lile lile. Wametia madirisha mawili na kupaka chokaa, lakini harufu ya nafaka haijatoka. Watakatifu wamepangwa ukutani kama watu wanaongoja lori la maziwa. Yupo Isidori mkulima na maksai wake wasio na pembe. Yupo Floriani mzima moto akimwaga ndoo yake kwenye nyumba ndogo kama kiberiti. Mama wa Mateso wapo watano, na mmoja amebakiwa na panga tatu tu kifuani badala ya saba. Baadhi wameliwa na wadudu hata nyuso zao hazitambulikani. Kila mmoja ana kikaratasi: alikotoka, nani alichonga, nani alimficha. Mmoja alifichwa kisimani. Mwingine, Dada, alifichwa ndani ya jeneza tupu lililokuwa darini, na mwenye nyumba alipofariki walimtoa mtakatifu kwanza ndipo wakamlaza mwenye nyumba.

Msimamizi ni msichana anaitwa Skaistė, wa wilaya nyingine, nywele fupi, amevaa koti mle ndani wakati nje ni jua. Alikuwa akitueleza vizuri tu. Mimi nilibaki kwa Isidori. Nilimtazama Isidori muda mrefu mno.

"Mzee, sogea," akaniambia. "Hao wengine hawaumi."

Yuko mwisho wa ukuta, peke yake juu ya gogo. Ndiye. Kidole gumba juu ya mwenzake. Rangi ya bluu ya joho imebaki kwenye mikunjo tu. Mkono umekatika kuanzia kiwiko, na kwa sababu kiganja hakipo, kichwa kimelala juu ya hewa. Unamtazama unaona shingo yako mwenyewe inauma.

Stefanija akauliza kichwa kimeshikwa na nini. Msichana akacheka kidogo, akasema kila mtu anauliza hivyo. Kisha akasema, "Huyu ndiye ananikosesha raha. Mchongaji wake hajulikani. Mama aliyemleta, Uršulė wa kinuni, mnamjua bila shaka, alikuwa naye chini ya viazi miaka thelathini. Nikamwuliza nani alimchonga, akakataa. Nikamwuliza mara ya pili, mara ya tatu. Akaniambia, 'Yupo mtu wa kusema, na miguu anayo.'" Halafu akanigeukia. "Ninyi ni wenyeji. Mzee, wewe humjui mchongaji?"

Nikasema, "Simjui."

Nimekuandikia kama ulivyotaka. Ni yeye. Stefanija hajasema nami tangu jana, na usiniulize kwa nini.

Feliksas


Adelaide, 14 Septemba 1992

Feliksas,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasoma tena.

Umemkana Baba mbele ya mtoto wa watu? Baba aliyekufundisha kushika patasi? Sitauliza habari za Stefanija. Nitakuambia ninayoyafikiri mimi, kwa kuwa wewe hutaki kuniambia unayoyajua.

Leonas amenipeleka kwa mtu wa picha akaikuza ile ya gazeti. Hakuna alama ya moto. Mti uliopigwa radi naufahamu, nilikulia kwenye miti. Basi hakukuwa na radi, au radi ilipiga na sanamu haikuwepo tena. Na aliyekuwa nayo ni Uršulė. Uršulė nilisoma naye. Alichukua utepe wangu mwekundu siku ya Komunyo ya Kwanza akaapa kwamba aliuokota. Sasa amechukua Kristo wa baba yetu nguzoni, amemvunja mkono akimshusha, amemlaza chini ya viazi, na leo anajifanya mlinzi, jina lake liko kwenye kikaratasi, la Baba halipo. Wewe umeona aibu kumtaja kwa kuwa ni jirani. Mimi niko mbali, sina aibu hiyo.

Nitamwandikia huyo Skaistė. Nitamtajia Baba, na nitamwambia mwizi ni nani. Nakungoja hadi sikukuu ya Watakatifu Wote, basi.

Domicelė


Gervainiai, 4 Oktoba 1992

Dada,

Barua yako imefika jana jioni. Usimwandikie. Kama umeshaandika, andika nyingine upesi, sema ulikosea. Uršulė hakuiba kitu. Ni mimi.

Hapakuwa na radi. Ilikuwa mwezi wa Aprili 1962, ardhi bado laini. Mwenyekiti wa shamba la ushirika alisema nguzo zote za njia panda ziondolewe barabara ipanuliwe. Hakuna barabara iliyopanuliwa, ni ile ile hadi leo. Ningependa kukuambia kwamba alinitishia, kwamba alimtaja mwanangu na chuo, kama walivyotishiwa wengine. Hakunitishia. Alinipigapiga begani tu. Shamba lilikuwa limepata trekta mpya, ya kwanza, nyekundu, na alinipa mimi kati ya madereva wanne. Nilikuwa naipangusa kwa leso yangu ya mfukoni. Nikaogopa wasije wakampa mwingine. Hiyo ndiyo sababu, Dada. Nimetafuta nyingine miaka thelathini sijaipata.

Nilipofika njia panda na trekta, Baba alikuwa ameshatoka nyumbani. Alikuwa na ngazi begani. Akasema, "Feliksas, ngoja kidogo. Nipande nimtoe, kisha mvute mnachotaka."

Mwenyekiti alikuwa ndani ya gari lake, ng'ambo ya mtaro, anavuta sigara. Hakutazama hata upande wetu. Ningeweza kumpa Baba dakika tano. Ningeweza hata kujifanya mnyororo umejikunja.

Nikamwambia, "Hakuna muda, Baba. Ondoka hapo."

Akaniangalia. Akaiweka ngazi chini kwenye majani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akavua kofia. Nikafunga mnyororo, nikavuta. Nguzo ilikatika chini, kijumba kikapasuka, sanamu ikabiringika mbele ya gurudumu. Nilisikia mkono ukivunjika. Trekta inanguruma, lakini nilisikia.

Uršulė alikuwa anapita na kikapu. Akashuka mtaroni, akamwokota, akamfunika kwa shali yake, akapita mbele ya gari la mwenyekiti akisema, "Kuni za bure leo." Tangu siku hiyo jina langu kwake ni Mnyororo. "Habari za asubuhi, Mnyororo." Mbele ya watu, dukani, kwenye mazishi. Watu walidhani ni mambo ya trekta.

Baba hakunilaumu, wala hakunitajia. Alikula nasi, akanifundishia mtoto kupiga filimbi. Lakini hakuchonga tena. Patasi zake alizipaka mafuta, akazifunga kwenye gunia. Wewe uliuliza katika barua kama njia panda ingali nzuri majira ya kuchipua, nami nikakuandikia habari za radi, kwa kuwa barua zilikuwa zinasomwa. Hivyo nilijiambia. Zilipoacha kusomwa, radi ilikuwa imekwisha zeeka, sikujua niing'oe vipi.

Leo nakwenda kwa Uršulė, na Jumanne kwa yule msichana. Nakwambia kabla ili nisije nikarudi nyuma.

Feliksas


Gervainiai, 27 Desemba 1992

Dada mpendwa,

Sijapata neno kutoka kwako. Labda posta, labda si posta. Naandika hata hivyo, maana niliahidi jambo na ni haki yako kujua kama nililifanya.

Nilikwenda kwa Uršulė. Alikuwa akimenya tufaha, hakuinuka. Nikasimama mlangoni kofia mkononi nikaanza kueleza, mnyororo, ngazi, yote, kana kwamba hakuwepo siku ile. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Ulichelewa. Nilidhani ungekuja mwaka ule ule, majira ya mavuno. Nikasema labda Krismasi. Nikasema labda baba yake akifa." Nikamwambia nimekuja sasa. "Naona," akasema, "na tope lako umeliingiza lote ndani." Halafu akanipa kisu kingine na kuniwekea tufaha. Tulimenya ndoo nzima. Nilipoondoka aliniita Feliksas. Nilifika hadi kwenye ua kabla sijatambua kilichonishtua.

Kwa msichana ilikuwa vigumu zaidi. Aliandika kila kitu kwenye daftari, jina la Baba, mwaka, na kwamba aliyeketi kama kielelezo ni binti yake aliyeko Australia. Alipofika kwenye mkono akaacha kalamu. Akasema si lazima hilo liandikwe. Stefanija akamwambia, "Andika, mwanangu. Mimi nimekaa nalo mezani miaka yote hii, najua uzito wake." Ameandika.

Ananiuliza kama nitachonga mkono mpya. Patasi za Baba ninazo, na kutu hazina. Nimemwambia mkono si wangu, ni wa dada yangu, akuulize wewe.

Mkesha wa Krismasi tuliketi na vyakula kumi na viwili kama kawaida, sahani mbili tupu kwa ajili ya Baba na Mama. Stefanija aliweka sahani tupu ya tatu. Nikamwambia Domicelė hajafa. Akasema, "Najua hajafa. Amekasirika. Na mwenye hasira naye hula."

Ndugu yako,
Feliksas


Adelaide, 9 Machi 1993

Feliksas,

Si posta. Niliandika barua nne nikazichana. Leonas alidhani nimepoteza akili, maana nilikuwa nikipika huku nagombana na wewe kwa sauti.

Kwa Skaistė sikuandika, shukuru Mungu. Uršulė nimemwandikia mwenyewe, mambo yetu wawili, pamoja na utepe.

Sasa nitakuambia lililonifunga mkono, na nitalisema mara moja. Si trekta. Woga wa trekta nauelewa. Mimi nilipanda mkokoteni mwaka 1944 nikikimbia vita, nikamwacha Baba mlangoni na wewe, mtoto wa miaka kumi na sita, sina mdomo wa kuwahukumu waliobaki. Lililonichoma ni hili. Mwaka 1963 Baba aliniandikia. Barua fupi, herufi zake kubwa zile. Alisema: "Nitumie picha yako, umeketi, shavu mkononi, kama ulivyokaa zamani. Nimeanza kusahau jinsi ulivyokaa." Nikaona ajabu. Nikasema uzee huo. Tulikuwa tumenunua gari, la kwanza, la kijani, na mimi nikasimama kando yake kwa miwani ya jua, mkono juu ya boneti, ninacheka. Nikampelekea hiyo.

Hakujibu. Mwaka uliofuata ulinitumia simu ya maandishi kwamba amefariki.

Miezi hii yote nimekulaumu wewe. Laiti ungeniandikia ukweli, hata kwa mafumbo, ningefahamu mzee anaomba nini. Ningeketi. Ni picha tu, dakika moja. Kisha usiku mmoja wa Januari, joto, usingizi haupo, nikajiuliza: kwani ilinipasa kujua sababu ndipo niketi? Baba yangu aliniomba niketi. Nikasimama kando ya gari. Wewe ulikuwa na trekta yako, mimi nilikuwa na gari langu.

Haya, nimesema.

Kuhusu mkono, nimemjibu Skaistė kwamba asiguse kitu kwa sasa. Kuna mambo siwezi kuyaamua kwa picha ya gazeti. Na kuhusu wewe, Stefanija ananiandikia, kwa siri, kana kwamba ninyi wawili mna siri siku hizi, kwamba unangoja nikusamehe na kwamba huli. Kula. Sitakusamehe kwa barua. Radi ilikuja kwa barua, na tazama ilivyotufanya.

Nimemwambia daktari. Amekataa. Nimekata tiketi. Natua Vilnius tarehe kumi na moja Julai, na Leonas ananisindikiza kwa sababu haamini magoti yangu. Usichinje nguruwe, usialike paroko, usimwambie Liudvikas. Siku ya kwanza nitakugombeza. Nitakugombeza kuanzia asubuhi hadi ng'ombe warudi, na wewe utakaa kwenye benchi nje ya mlango, utanisikiliza, hutazungumza habari za mnyama yeyote. Nami nina mengine ya kujigombeza mwenyewe, hayo utayasikia pia.

Jioni Stefanija atupe viazi vya moto na siagi ya maziwa machachu yenye kitunguu saumu, ile ya kwetu, huku hakuna anayejua kuipiga. Tutakula. Kesho yake tutatembea kilomita nne, polepole, mimi nikikushika wewe, mpaka kwa Baba.

Dada yako,
Domicelė